Mbwa aliyedhaniwa amelishwa sumu: kisa cha kufakamia chakula, Luchelele

Mzee aliyenipigia simu alikuwa ameshahukumu kesi. Mbwa wake amelishwa sumu, na aliyemlisha anamjua: ni jirani wa upande wa ziwani, yule anayelalamikia kelele za usiku. Kwangu alitaka vitu viwili, dawa ya kumtapisha mbwa na karatasi ya kupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Nikamuuliza kama mbwa anatetemeka. Hapana. Anatokwa povu, anakakamaa, anaanguka? Hapana. Sasa hivi anafanya nini? Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Dokta, anakula alichotapika."

Sumu zinazotumika sana mitaani kuulia mbwa ni zile dawa za wadudu wa shambani. Aliyezila hutiririkwa na mate, misuli inachezacheza, pumzi inakuwa ya shida, na hamu ya chakula haipo kabisa. Anayerudia matapishi yake huku anatikisa mkia ana shida nyingine. Nilimwambia asimmiminie maziwa wala mafuta ya kula, maana mbwa akipaliwa navyo vinaingia kwenye mapafu. Na kama tumbo litaanza kuvimba au mbwa ataanza kujikamua bila kutoa kitu, anipigie saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. La sivyo nitafika asubuhi.

Nyumba iko Luchelele, kwenye mteremko unaoshuka ziwani, na kama ilivyo nusu ya Mwanza, uwanja wake umejengwa kuzunguka mawe ambayo hakuna aliyethubutu kuyapasua. Mbwa ni wawili. Mgonjwa anaitwa Simba, dume chotara wa shepadi, mrefu, kifua kirefu kwenda chini, umri kama miaka mitatu. Wa pili ni jike wa kienyeji, mdogo kwa umbo na mkubwa kwa umri, anaitwa Hayawahusu. Jina hilo alipewa kwa ajili ya majirani, na linaitwa kwa sauti kila jioni.

Kabla ya kumshika mbwa niliuliza habari za chakula, na hapo ndipo kisa chote kilipokuwa. Mbwa wanakula mara moja kwa siku, mnamo saa tatu usiku, watu wakishamaliza. Chakula ni ugali wa dona uliobaki, ukoko wa sufuria, na mchuzi wa mapanki, yale mafupa na vichwa vya sangara vinavyobaki baada ya viwanda kuondoa minofu. Wote wawili wanakula kwenye karai moja. Simba aliletwa akiwa kitoto, akamkuta Hayawahusu ameshalimiliki karai hilo, akakulia hapo: ukichelewa, hupati. Leo ana uzito mara mbili ya yule bibi kizee, lakini karaini bado anakula kwa hesabu za utotoni.

Nilipouliza kwa nini mara moja, mzee alinijibu ninalojibiwa karibu kila nyumba: mbwa akishiba analala, mwenye njaa ndiye mlinzi. Nitarudi hapo.

Niliomba walishwe nikiwapo, kwa karai lile lile na kwa namna ile ile, mtu asibadilishe kitu kwa sababu dokta amekuja. Mjukuu wa nyumba, kijana wa sekondari, ndiye mlishaji. Alikuwa ameanza kuliweka karai juu ya matofali, kwa sababu aliona kwenye simu mbwa wa kizungu wakila hivyo. Alipoliweka tu, Simba alitanua miguu ya mbele, mmoja akauingiza ndani ya karai, akageuza kiuno ili mwili wake uwe ukuta kati ya chakula na Hayawahusu. Sikio moja lilibaki nyuma, linamsikiliza. Hakutafuna. Tonge la ugali la ukubwa wa ngumi lilipita zima, nikaliona kabisa likishuka kwenye shingo, na kabla halijafika chini la pili lilikuwa limeshaingia. Kichwa cha sangara kilivunjwa mara moja kwa meno ya pembeni, kikaenda na miba yake. Kijana hajarudi jikoni, karai lilikuwa tupu, linasukumwa kwa ulimi hadi likagonga ukuta.

Muda si mrefu Simba alisimama, akainamisha kichwa, akanyoosha shingo, na ugali ukatoka. Tumbo halikukaza hata mara moja. Ulitoka mnene na mrefu, umechukua umbo la umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, umefunikwa ute mweupe, na ndani yake pezi la samaki likiwa zima. Kuku walikuwa wameshaanza kukimbilia. Akauwahi, akaula tena.

Huko ni kucheua, na kutenganisha kucheua na kutapika ni nusu ya kazi. Mbwa anayetapika huanza na kichefuchefu: anajilamba midomo, mate yanamjaa, anatafuta kona, kisha misuli ya tumbo inamkaza mara kadhaa ndipo kitu kitoke, na kinachotoka kimeshaanza kusagika, mara nyingi kina nyongo ya njano. Anayecheua anainamisha kichwa tu. Chakula hicho hakikufika tumboni, au kilifika mlangoni kikakuta pamejaa. Umio wa mbwa una misuli ya hiari kwa urefu wake wote, aina ile ile ya misuli ya miguu, kwa hiyo kukirudisha alichokibugia hakumpi taabu. Anayetazama kwa mbali usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, anaona matapishi tu, na ukiwa na jirani wa kumshuku, basi.

Kucheua nako kuna sababu nyingine zaidi ya kula haraka. Umio unaweza kuwa umelegea na kupanuka, na hapo mbwa anarudisha hata maji, anakonda, anakohoa kwa sababu chakula kinaingia njia ya hewa. Mfupa unaweza kuwa umekwama. Kwa hiyo nilimpa Simba maji, nikasubiri. Yalikaa. Kisha nikamfinyangia matonge madogo ya ugali ule ule, nikawa namrushia moja moja, la pili halitoki mkononi kabla la kwanza halijamezwa. Hakuna lililorudi. Kwa umio uliolegea au mfupa uliokwama nisingetegemea hilo, na kwa kuwa hakuwa na kikohozi wala dalili za maumivu akimeza, sikuona sababu ya kumsafirisha kwenda kupigwa picha. Kilichokuwa kinamshinda ni mzigo mzima kuingia kwa mkupuo.

Nilimpima mwili mzima. Joto lilikuwa 38.6, nalo ni la kawaida kwa mbwa. Mbavu zilihesabika kwa macho. Fizi zilikuwa hafifu kuliko ninavyopenda. Nilipoinua mkia nikakuta vipande vikavu vilivyoganda kwenye manyoya, na bibi mwenye nyumba akasema, "Hizo punje za mchele anazo siku zote." Si mchele. Ni vipande vya tegu, aina inayoambukizwa na viroboto: mbwa anajikwangua kwa meno, anameza kiroboto, tegu anakulia tumboni. Viroboto nao walikuwepo wa kutosha. Fizi hafifu zilinifanya niwashuku pia minyoo wanaonyonya damu kwenye utumbo, ambao ni wa kawaida sana kwa mbwa wanaolala kwenye udongo wenye unyevu.

Alipewa prazikwanteli kwa ajili ya tegu na pairanteli kwa minyoo mingine, vipimo vikifuata uzito wake, na dawa ya viroboto kwa mbwa wote wawili pamoja na sehemu wanapolala. Ukiua tegu ukawaacha viroboto, umejipa kazi ya kurudia. Nilikuta pia chupa ya dawa ya minyoo ya ng'ombe kwenye dirisha la jiko, imebaki nusu. Nikaomba irudi kwa ng'ombe. Kiasi kilichoandikwa kwenye chupa ile ni cha mnyama wa uzito wa ng'ombe, na kukadiria kwa kifuniko cha soda si kipimo.

Sasa, wengi wangeishia hapo: mbwa ana minyoo, ndiyo maana ana njaa, tumempa dawa, kwaheri. Minyoo inaongeza njaa, kweli. Lakini mbwa aliyesafishwa tumbo akirudishwa kwenye karai lile lile, saa tatu usiku, na mpinzani yule yule, atafakamia vile vile.

"Ni mroho tu huyu," bibi alisema.

Sikukubaliana naye. Mbwa mkubwa ana meno 42, na mengi ni ya kukamata, kurarua na kukata. Taya lake haliendi kushoto na kulia kama letu tunaposaga, na mate yake hayana uwezo wa maana wa kuanza kumeng'enya wanga. Kwa hiyo kumeza bila kutafuna ndiyo tabia yake ya asili, si ugonjwa wala ukosefu wa adabu. Kinachogeuka tatizo ni kasi ikichanganyika na mfupa wa sangara, na mpinzani pembeni, na tumbo linalojazwa mara moja kwa saa 24.

Kwa Simba kulikuwa na jambo la nne, na ndilo lililonifanya nikae na mzee kivulini muda mrefu kuliko alivyotarajia. Mbwa wa umbo lake, mkubwa mwenye kifua kirefu kwenda chini, yuko kwenye hatari ya tumbo kujaa hewa na kujipinda. Mbwa anayekula mbio anameza hewa pamoja na chakula. Tumbo likivimba linaweza kugeuka kwenye mhimili wake, wakati mwingine hata mzunguko mzima, milango yote miwili ikajifunga: hewa haitoki juu wala chini, na mishipa ya damu inabanwa. Hapo mbwa anahangaika, halali wala hakai, mate yanamtoka, anajikamua kutapika bila kutoa chochote, na nyuma ya mbavu pamevimba, ukipagonga panalia kama ngoma. Hiyo ni dharura ya saa chache. Tiba yake ni kutoa hewa na kufanya upasuaji, na upasuaji wa namna hiyo si kitu cha kupata kwa simu moja saa nane usiku ukiwa Luchelele. Ndiyo maana nilimwachia maelekezo yale usiku wa kwanza.

Hapo ndipo yale matofali yalipoondolewa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuatilia mbwa wa aina kubwa na kukuta kwamba kula haraka kunakwenda pamoja na hatari kubwa zaidi ya tumbo kujipinda, na bakuli lililoinuliwa vilevile. Watu huliinua wakidhani wanamsaidia. Kuna mbwa wanaohitaji kula wakiwa wameinuliwa, hasa wale wenye umio uliolegea, lakini Simba si mmoja wao. Kijana alisikitika kidogo, maana alikuwa ameyapanga vizuri na kuyapaka chokaa.

Mpango wetu ulianza na kuwatenganisha. Hayawahusu anakula mlangoni mwa jiko, Simba nyuma ya nyumba kwenye banda lake, jiwe kubwa likiwa katikati wasionane. Hakuna anayefunguliwa mpaka vyombo vyote viwili viondolewe. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika nyumba ile, ningechagua hili, na halikugharimu shilingi.

La pili lilikuwa gumu kumezeka kwa mzee: milo miwili, saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, jumla yake ikiwa kubwa kidogo kuliko zamani mpaka mbavu zijifiche. Akarudia neno la mlinzi mwenye njaa. Nikamwambia mbwa habweki kwa njaa, anabweka kwa sababu uwanja ni wake. Mwenye njaa ndiye wa kwanza kupokea mnofu kutoka kwa mwizi, na mnofu huo ukiwa na sumu ya kweli hatutakuwa na nafasi ya kuongea kama hivi. Akatafakari, akamwita mjukuu wake: "Kuanzia leo anakula asubuhi."

Kwenye chakula chenyewe tulibadilisha machache. Mapanki yanachemshwa, nyama inachambuliwa kwa mkono, mfupa unatupwa mahali mbwa hawafiki. Uti wa sangara si mwiba wa dagaa, ukikwama kooni unachana. Siku hakuna mapanki, dagaa wanakaangwa bila mafuta, wanatwangwa kwenye kinu na kuchanganywa na ugali. Wawe wamechekechwa kwanza, kwa sababu dagaa walioanikwa chini ufukweni huja na mchanga wa kutosha. Mabaki ya rosti yenye vitunguu vingi yasiende kwa mbwa, maana kitunguu kinaharibu chembe nyekundu za damu yao, na Simba hana damu ya kupoteza.

Ndipo tukafika kwenye chombo. Kuna mabakuli ya kisasa yenye vichuguu ndani, ila sikuona haja ya kuyatafuta. Kijana alikuwa ameshaelewa wazo, akakimbia ufukweni na kurudi na kokoto nzuri laini za ukubwa wa ndimu, akazimwaga kwenye karai. Nikazitoa zote. Anayemeza tonge la ngumi atameza na ndimu, na jiwe tumboni ni upasuaji. Jiwe la kazi hii liwe kubwa kuliko mdomo wa mbwa akiuachama wote, liwe laini, lioshwe, liwe zito asiweze kulibeba. Mwanza hilo halinunuliwi. Tulijaribu moja, chakula kikawa kinazunguka pembeni, na kasi ikapungua. Lakini Simba alianza kuligonga kwa meno kwa hasira, na jino lililovunjika si badala nzuri ya ugali uliocheuliwa. Kwa mbwa mpole jiwe linatosha. Kwa huyu tukaliacha.

Kilichofanya kazi kilitoka jikoni, chini ya mkaa: chuma cha vitumbua cha zamani kilichovunjika mpini. Ugali mgumu unashindiliwa kwenye kila shimo, samaki aliyechambuliwa anapakwa juu, mchuzi kidogo sana. Ukimimina mchuzi mwingi ugali unaelea na mchezo umekwisha. Chuma ni kizito, hakipinduki, na kila shimo linadai ulimi. Mara ya kwanza Simba alikivamia kama karai, pua ikagonga, akarudi nyuma, akakitazama. Kisha akaanza shimo la pembeni, akalilamba mpaka chini, akahamia la pili. Bibi alimtazama akiwa ameshika kiuno, akasema chuma hicho sasa ni cha mbwa milele, kisije kuonekana jikoni kwake. Hilo ni sawa kabisa, na kioshwe kila baada ya mlo, chombo chenye mabaki kwenye joto la hapa hakichukui muda kuoza.

Kumwaga chakula chini kilichotawanyika ni njia nzuri kwenye sakafu safi ya saruji. Pale kwa mzee kuna mchanga na kuku, kwa hiyo sikuipendekeza.

Jambo moja kijana alilitaja mwishoni, kwa sauti ya chini: Simba alishamngurumia mtoto, mdogo wake kijana huyo, aliyepita karibu na karai. Ushauri wa mtaani ni kumpiga, au kumzoesha kwa kutia mkono kwenye chakula na kumnyang'anya katikati ya mlo. Yote mawili yanamthibitishia mbwa alichokuwa anahofia, na yanaongeza kasi. Wakati wa kula asisogelewe na mtoto yeyote. Mtu mzima akitaka kumzoesha, apite kwa mbali na kumrushia kipande kizuri kuliko alicho nacho, basi. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imepitwa na wakati, tukaifanya upya, na kwa Hayawahusu pia. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Niliporudi kumwangalia, kucheua kulikuwa kumekoma. Fizi zimerudi rangi, mbavu zimeanza kupotea. Kasi imeshuka sana lakini haijaisha: akisikia Hayawahusu anabweka upande wa pili wa jiwe, ulimi unaongeza mwendo papo hapo. Tabia aliyoijenga tangu utotoni sitegemei ifutike, na haihitajiki ifutike, alimradi tonge zima halipatikani. Jirani wa ziwani mpaka leo hajui kwamba aliwahi kuwa mtuhumiwa, na mzee ameniomba ibaki hivyo.

Sasa nyumba ina shughuli nyingine, Hayawahusu ana mimba. Mzee ameuliza mapema afanye nini ili wanaokuja wasiwe akina Simba. Wakianza kulamba uji mzito, wiki ya tatu au ya nne, wasiwekewe chombo kimoja katikati. Viwe visinia vingi vya bapa, kimoja zaidi ya idadi ya watoto, vimeachana, ili anayesukumwa akute kingine kinamsubiri. Dawa ya minyoo inaanza wakiwa na wiki mbili na kurudiwa kila baada ya wiki mbili mpaka waachishwe, mama yao akipewa pamoja nao, kwa sababu minyoo ya watoto wa mbwa huanzia tumboni mwa mama. Mzee ameandika yote hayo nyuma ya kalenda. Visinia bibi amekubali kutoa, vya plastiki.